Ramani nyeupe kwenye jani la nyanya: si kila mchoro ni kantangaze

#1 Mtunza Korongo

Mbukwenyi wakuu,

Naandika kwa urefu, naomba mnivumilie. Kiangazi kilichopita niliteketeza fedha zangu zote za mbolea kwa dawa isiyohusika, na wiki hii nimepita kwenye bustani za jirani zangu nikakuta wanarudia kosa lilelile.

Nina bustani ukingoni mwa korongo, upande wa Hombolo, Dodoma. Mvua zikikata, sisi wa huku tunachimba visima kwenye mchanga wa korongo na kumwagilia mpaka karibu na msimu mpya. Nilikuwa na nyanya, mistari michache ya maharage, bamia, na kona ya mchicha na kunde za majani ambayo ni ya mama watoto. Mwanzoni mwa Agosti majani ya chini ya nyanya yakatokea mistari myeupe inayojipinda, mwanzoni myembamba kama uzi wa kushonea, halafu inapanuka kadiri inavyokwenda. Kama ramani ya mto. Tangu kantangaze, yule mdudu anayeteketeza nyanya, aingie nchini mwaka 2014, mkulima wa nyanya akiona jani limechorwa moyo unamdunda, na mimi ulinidunda. Nikakimbilia duka la pembejeo. Hakuna aliyeniuliza jani lenyewe likoje. Nikapewa chupa, nikaambiwa nipulize kila baada ya siku nne.

Nikapuliza mara sita. Michoro ikazidi. Ikahamia kwenye maharage, halafu ikaingia kwenye bamia. Hapo ndipo nilipokaa kwenye tuta nikajiuliza: kantangaze ametoka kwenye nyanya anatafuta nini kwenye bamia?

Nikachuma jani, nikaliinua kuelekea jua. Fanyeni hivyo, ni bure. Mwisho wa mchoro, pale ulipo mpana, unamwona mwenyewe ndani: kifunza cha manjano, urefu wa punje ya ufuta, hakina miguu wala kichwa cha kuonekana. Nikivuta kwa kamera ya simu niliona kitu cheusi mdomoni kinachokwenda kulia na kushoto kama mtu anayefyeka nyasi. Hizo ndizo ndoano zake za kukwangulia nyama ya jani. Yuko katikati ya ngozi mbili za jani, ya juu na ya chini, hana haja ya kutoka nje mpaka ashibe.

Huyo si kantangaze. Kantangaze ni mtoto wa nondo. Ana kichwa cha rangi ya kahawia, ana miguu, na mchimbo wake ni doa pana kama lengelenge linalokauka. Anaweza kutoka jani hili akaingia lile, akaingia chipukizi, akaingia tunda. Huyu wa ramani ni mtoto wa inzi, na tunda haligusi. Kama nyanya zenyewe hazina tundu hata moja na majani yamechorwa mistari, simameni kwanza kabla ya kufungua chupa.

Inzi mwenyewe ni mdogo mno, milimita 2 hivi, mweusi mwenye baka la njano mgongoni. Ukipita asubuhi ukagusa majani anaruka kidogo na kutua jani la pili. Jike ana kitobozi nyuma ya mwili, anatoboa jani na kunywa utomvu unaochuruzika. Dume hana kitobozi, anakula kwenye matundu ya jike. Zile doti nyeupe nyingi unazoziona kabla ya michoro ni hayo matundu. Mengi ni ya kula tu: kwa aina mbili zilizochunguzwa sana, karibu asilimia 15 ya matundu ndiyo yenye yai hai. Kwa hiyo doti zikionekana bado una muda.

Yai linaanguliwa siku 2 hadi 5. Funza anachimba siku 4 hadi 7 joto likizidi nyuzi 24, halafu anapasua jani, anadondoka na kuwa pupa kwenye udongo wa juujuu. Joto ndilo linaloamua kasi. Waliompima mmoja wa inzi hawa kwenye selari walikuta mzunguko wote unachukua siku 54 kwenye nyuzi 15, siku 26 kwenye nyuzi 20, na siku 12 kwenye nyuzi 35. Sasa fikirieni baridi yetu ya Julai, halafu fikirieni Oktoba. Kizazi kile kile kilichokuwa kinajikongoja kinaanza kukimbia, na wakati huo korongo zima limekauka isipokuwa bustani zetu. Kila inzi wa eneo hili anakuja kwetu.

Na kwa nini dawa ilizidisha? Kwa sababu ilimwagika juu ya ngozi ya jani, funza yuko chini ya ngozi. Waliokuwa wakitembea juu ya jani ni nyigu wadogo sana, wadogo kuliko hata huyo inzi, ambao kazi yao ni kumtafuta funza ndani ya mchoro na kumtagia mayai. Niliwaua wote mara sita. Nilipoacha kupuliza, kwa kukosa fedha na si kwa hekima, baada ya wiki kama tatu nilianza kuona michoro mifupi iliyokatika ghafla, na ndani yake funza aliyekauka. Sikuwa nimefanya lolote.

Nimeweka haya ili mwenye bustani aangalie kwanza. Wenye uzoefu mnisahihishe.


#2 Kipilipili wa Bahi Road

Mkuu nakuheshimu lakini hapa nakupinga. Mimi nililima matikiti mwaka juzi, ramani zikaja hivyohivyo, nikapiga dawa na zikaisha. Ukiwaambia watu waache kupuliza wakisubiri nyigu wasioonekana, mtu atapoteza shamba. Watoto wa watu wanakwenda shule kwa hayo matikiti.


#3 Mtunza Korongo

Kipilipili, ulipiga dawa gani, na matikiti yalikuwa na umri gani?


#4 Kipilipili wa Bahi Road

Ilikuwa ya abamektini. Matikiti yalikuwa na majani manne matano.


#5 Mtunza Korongo

Basi hatupingani sana, kaka. Abamektini inapenya ngozi ya jani na kumfikia funza mle ndani, ndiyo tofauti yake na ile niliyouziwa mimi, ambayo iliishia juu. Na mche wa majani manne ukichorwa majani mawili umepoteza nusu ya chakula chake, pale kusubiri ni hatari kweli. Ila mnyanya uliokwisha kuzaa, majani yake ya chini yakichorwa, hauhisi kitu. Mimi nilikuwa napuliza minyanya ya kimo cha kiuno.

Ombi langu ni moja: usiitumie hiyo mfululizo. Inzi hawa wamejulikana duniani kwa kuzoea dawa upesi. Ukiirudia kila wiki, mwaka wa tatu itakuwa maji.


#6 Dada wa Sabasaba

Mbukwenyi. Mimi silimi, nauza mboga za majani. Naomba mnisaidie jambo moja. Majani ya kunde na mchicha yakija na hiyo michoro wateja wanayasukuma pembeni, wanasema yana minyoo. Mama yangu kijijini anayachuma hivyohivyo, anayaanika, tunapikia mlenda, na hatujawahi kuugua. Yana madhara au hayana?


#7 Mtunza Korongo

Dada, funza huyo hana madhara kwa mtu. Anaishi kwa jani tu, na akianikwa juani anakufa humo humo. Mama yako yuko sahihi.

Ninachokiogopa mimi ni majani masafi kupita kiasi, yasiyo na hata doti moja, mwezi wa Oktoba. Hayo niambie yamepulizwa lini. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko. Mchicha unavunwa kila siku chache, siku hizo haziheshimiwi. Mke wangu kwenye kona yake hapulizi kitu. Majani yenye michoro anayachuma mapema na kuwapa mbuzi, hayatupi kando ya tuta, kwa sababu ukiyatupa pale funza anamalizia safari yake udongoni na kukurudia akiwa inzi.


#8 Afisa Ugani Mstaafu

Vijana, shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimesoma uzi huu mara mbili. Mwanzisha uzi umeeleza vizuri, naongeza historia na mimea, maana hapo ndipo panapowachanganya watu wengi.

Inzi hawa wanatoka jenasi iitwayo Liriomyza. Jenasi ina aina zaidi ya 300, na walio wengi ni watu wa adabu: kila mmoja ana jamii yake ya mimea na haondoki hapo. Yupo kwa mfano Liriomyza brassicae, huyo ni wa kabichi, chainizi na ndugu zao. Wanaotusumbua ni wachache wasiochagua, wote wametoka Amerika: Liriomyza trifolii, Liriomyza sativae na Liriomyza huidobrensis. Kwa macho hamtawatofautisha. Hata mtaalamu anahitaji dume, darubini na kutazama kiungo chake cha uzazi. Kwa dalili, huidobrensis hupenda kufuata mshipa mkuu wa jani na kuchimba upande wa chini, wale wawili hujipinda juu ya jani kama mlivyoeleza.

Aliyempa trifolii jina mwaka 1880 ni Mmarekani Edward Burgess, alimpata kwenye klova nyeupe, mmea ambao kitaalamu ni Trifolium, ndiyo maana akapewa jina la klova. Nawaambia haya kwa sababu inzi huyu wa klova leo ameorodheshwa kwenye mimea karibu 400 ya familia 28 hivi. Jina linasema klova, yeye anakula maharage, nyanya, vitunguu, bamia, matango, alizeti na maua. Huidobrensis naye anazidi mimea 360. Ukisikia mtu anasema "inzi wa nyanya", mwambie hakuna inzi wa nyanya hapa.

Afrika Mashariki trifolii aliingia Kenya mwaka 1976, kwenye vipandikizi vya maua ya krisanthemamu vilivyotoka Florida. Yai likiwa ndani ya jani halionekani, na kwenye ubaridi wa nyuzi 0 linaweza kuishi hadi wiki tatu. Ndege ya mizigo ni safari ya siku moja. Inzi mwenyewe haruki mbali. Sisi ndio tunaombeba, kwenye miche. Mkinunua miche ya nyanya mjini, tupieni macho majani ya kwanza kabla ya kulipa.

Na mmea anaolelewa unabadili uzazi wake. Kuna jike wa trifolii aliyehesabiwa mayai 493 kwenye njegere, mwingine 639 kwenye krisanthemamu. Haimaanishi kila jike yuko hivyo, lakini mmea mnono humpa mayai mengi. Mkimwaga urea kupita kiasi mnampikia.


#9 Mkulima Kongwa

Shikamoo mzee. Mimi maharage yangu hayana ramani nyingi, ni doti tu, lakini miche inageuka njano na kufa ikiwa na wiki mbili tatu. Shina chini limevimba na kupasuka. Nikapuliza kwa ajili ya huyu mchora majani, haikusaidia.


#10 Afisa Ugani Mstaafu

Marahaba. Huyo ni binamu yake. Ni inzi wa maharage, jina lake Ophiomyia, familia ileile. Anaanzia kwenye jani kama mwenzake, ila funza hakai pale. Anashuka kwenye mshipa wa jani, kikonyo, mpaka shinani kwenye usawa wa udongo, na anageuka pupa humo ndani. Ng'oa mche mmoja uliokufa, bandua ganda la shina kwa kucha, utaona vipupa vya kahawia au vyeusi.

Huyu hatibiwi akishafika shinani. Miche iliyobaki hai iinulie udongo mpaka karibu na majani ya kwanza, itoe mizizi mipya juu ya jeraha. Msimu ujao usipande kando ya maharage ya zamani. Panda mapema na majirani, anayechelewa ndiye anayepokea inzi wa wote. Kunde nazo anazishambulia, ila zinahimili zaidi.

Huyu naye ana nyigu wake, Opius phaseoli. Mwaka 1969 nyigu hao walichukuliwa kutoka Afrika Mashariki wakapelekwa Hawaii, ambako inzi huyo alikuwa amefika bila adui yake. Wenzetu walikuja kuchukua kwetu tunachokiua kwa bomba la mgongoni.


#11 Mkulima Kongwa

Mzee nimebandua. Vipo. Kwenye mche mmoja vilikuwa vinne. Asante sana, nimeshaanza kuinulia udongo.


#12 Msomi wa Mitaa ya UDOM

Samahani kwa kuingilia wakubwa. Kama anakula mimea 400, si tung'oe magugu yote kandokando? Kwetu korongoni kishona nguo na mnavu vimejaa, na majani yake nimeyaona yana michoro. Hilo si ndilo ghala lake?


#13 Mtunza Korongo

Mdogo wangu, umegusa jambo ambalo nimelifikiria usiku mwingi.

Nilikuwa na jibu lako hilohilo. Nikaanza kufyeka, nikafika katikati nikasimama, kwa sababu niliona kitu. Kwenye kishona nguo michoro mingi ilikuwa mifupi, imekatika. Kwenye nyanya zangu zilizopulizwa ilikuwa mirefu, inamalizika kwa tundu la kutokea. Maana yake nyigu walikuwa kwenye magugu, si kwangu.

Nikafanya hivi. Nikachuma majani 30 ya nyanya na 30 ya kishona nguo, yote yenye funza anayeonekana ndani. Nikayaweka kwenye madumu mawili ya plastiki ya lita tano niliyoyakata juu, chini nimeweka karatasi kavu, juu nimefunga kitambaa cha khanga na mpira. Nikayaacha kivulini. Siku chache funza wakatoka wakawa pupa kwenye karatasi, kama punje ndogo za rangi ya kahawia. Nikayatoa majani kabla hayajaoza, nikasubiri wiki mbili na nusu.

Dumu la nyanya: inzi 19, nyigu 2.
Dumu la kishona nguo: inzi 6, nyigu 15.

Nyigu hao ni wadogo kama koma ya gazeti, wengine wanang'aa kijani, wengine weusi wenye papasi ndefu. Si utafiti, ni madumu mawili ya mkulima mmoja. Lakini tangu siku ile siwezi kufyeka ukingo wote kwa mkupuo. Nafyeka yaliyo ndani ya matuta na yaliyo karibu na kitalu, kwa sababu mche mdogo hauvumilii. Ya upande wa pili wa mfereji nayaacha. Na mnavu wa ndani naung'oa hata kama una nyigu, kwa kuwa unalea na kantangaze pia.


#14 Afisa Ugani Mstaafu

Umefanya kazi ya kisomi, kijana wangu. Wale wa kijani kinachong'aa huenda ni wa jamii ya Diglyphus. Jike wao anamchoma funza mpaka funza apooze, kisha anataga yai pembeni yake humo mchoroni. Wengine anawachoma na kuwafyonza tu bila kutaga. Hao ndio wanaokatisha mchoro. Wale wa papasi ndefu wanataga ndani ya funza na kumwacha aendelee kuchimba, anatoka, anageuka pupa, halafu badala ya inzi anatoka nyigu. Kwa hiyo mchoro mrefu pekee usikutishe, dumu ndilo linalosema ukweli.

Wataalamu wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, walileta nyigu mmoja wa aina hiyo ya pili kutoka Peru, Phaedrotoma scabriventris, wakamwachia Kenya kwa ajili ya inzi hawahawa. Inzi alivuka bahari peke yake, ikabidi adui afuatwe alikobaki.


#15 Dada wa Sabasaba

Mzee na mwanzisha uzi, Mungu awabariki. Leo nimewaeleza wateja watatu habari za michoro. Wawili wamechukua.


#16 Kipilipili wa Bahi Road

Na ile mitego ya kantangaze ya kunusisha? Jirani ameweka minne, anasema haikamati inzi.


#17 Mtunza Korongo

Haitakamata. Kile kidonge kilichomo mtegoni kina harufu ya jike wa kantangaze, kinaita madume wa kantangaze pekee. Kwa inzi weka rangi ya njano. Mimi nimetumia vipande vya dumu la njano la mafuta ya kula, nikapaka grisi nyepesi, nikavisimika usawa wa vichwa vya miche. Havimalizi inzi, vinakuonyesha tu wamefika lini. Vikishanasa inzi wengi kitaluni, ndipo unaamua. Viondoe nyigu wakianza kuwa wengi, kwa sababu njano huwanasa nao.

Na ukipanga kupuliza, jaribu dumu kwanza, kaka. Nakuomba.


#18 Kipilipili wa Bahi Road

Nimeweka leo. Majani 20 ya tikiti, sijapuliza tangu nipande. Nitarudi.


#19 Kipilipili wa Bahi Road

Wakuu nimerudi, siku ya 18. Inzi 7, nyigu 11. Nimewamwaga nyigu shambani jioni jua likishuka. Inzi nimewaacha humo dumuni na kifuniko chao.